Kinga ya Umeme: Vitesi za Kitovu Zikiteleza, Angalieni Waya Kabla ya Kufungua Mashini



Katika ukurasa huu mmezoea kusoma juu ya kofia, viatu vya chuma, miwani na mavumbi. Leo tutasema juu ya njia ya kwenda kazini, maana hatari haimngoji mfanyakazi kwenye mlango wa mgodi tu. Inamngoja barabarani saa kumi na moja ya asubuhi, giza lingalipo, anapokwenda kupokea posti. Inamngoja tena saa ya kurudi, wakati usingizi umemshika macho. Watu wa Ruashi wanajua barabara ya Kasenga ilivyo: malori, mabasi madogo, watu wa makala na kinga zao, watoto wa shule, wote katika nafasi moja nyembamba.

Sasa tuseme mtu amepanda kinga yake ya umeme. Anapanda kilima kidogo, amesimama juu ya pedali ili asaidie mashini. Mara pedali inakimbia bure, kama vile mnyororo umekatika. Mguu unashuka bila kushika kitu, kifua kinagonga usukani, kinga inayumba. Halafu vitesi zinashika tena kwa ghafula, na mashini nayo inasukuma. Yule mtu akianguka, ataangukia wapi? Kwetu tunapita upande wa kuume wa barabara. Akiangukia kushoto, ni mbele ya malori.

Ubovu huo wa vitesi kuteleza, mara nyingi dawa yake ni kazi ya dakika tano isiyoomba franka hata moja. Lakini ukiachwa wiki mbili tatu, unakula chuma cha ndani, na hapo kitovu kizima kinakufa. Kwa sababu hiyo tumeona vema kueleza jambo lote polepole, ili hata kijana wa nyumbani aweze kulifanya.

KITOVU KINA NINI NDANI

Kinga nyingine zina vitesi za nje: mnyororo unaruka kutoka gurudumu moja la meno hadi jingine. Nyingine, hasa zile za mjini zinazotoka Ubelgiji, Uholanzi na Ujerumani, zimeficha vitesi zake ndani ya kitovu cha gurudumu la nyuma. Kwa nje unaona kitovu kinene, gurudumu moja tu la meno, na waya mmoja unaofika karibu na ekseli. Kwa inchi ya mavumbi mekundu kama yetu, mpango huu ni mzuri: mavumbi ya kiangazi na matope ya mwezi wa 12 hayafiki upesi kwenye meno.

Si kitu kipya. Sturmey-Archer ya Nottingham, Uingereza, ilianza kutoa vitovu vya vitesi tatu mwaka 1902, na kile kinachoitwa AW, kinachojulikana kuliko vyote, kilitoka mwaka 1936. Siku hizi jina hilo ni la SunRace ya Taiwan, iliyolinunua mwaka 2000. Shimano ya Japani inatoa vitovu vya Nexus, vya vitesi tatu hadi nane. Rohloff ya Ujerumani inatoa kimoja cha vitesi 14 tangu mwaka 1998, lakini bei yake inashinda bei ya kinga nyingi nzima, basi tusikawie hapo.

Wanaofanya kazi katika karakana ya malori makubwa ya mgodi watafahamu upesi, maana ndani ya magurudumu ya nyuma ya malori yale mna meno ya ukoo huu huu. Katikati kuna gurudumu dogo la meno: tuliite jua. Linazungukwa na magurudumu mengine madogo: tuyaite sayari. Yote yamo ndani ya pete kubwa yenye meno upande wa ndani. Katika kitovu cha AW jua lina meno 20 na limekazwa kwenye ekseli, halizunguki. Kila sayari ina meno 20, na pete ina meno 60. Mnyororo ukizungusha sayari, na pete ikaendesha gurudumu, gurudumu linazunguka mara 4 kwa kila mara 3 za mnyororo: hiyo ni vitesi ya tatu, ya mbio. Mnyororo ukizungusha pete, na sayari zikaendesha gurudumu, gurudumu linazunguka mara 3 kwa mara 4: hiyo ni ya kwanza, ya kupanda kilima. Ya pili haitumii meno kabisa. Mnyororo na gurudumu vinakwenda sawasawa.

Waya unaotoka kwenye usukani una kazi moja: kusogeza kipande kidogo cha chuma ndani ya ekseli, kwa milimita chache, ili kichague nani anasukuma na nani anasukumwa. Tafadhali shikeni neno hilo, milimita chache, maana ugonjwa wote tunaousema leo unatoka hapo. Kipande kile kikifika mahali pake, kinashika kwa ubavu wake wote. Kikikosa kufika, kinashika kwa ncha tu. Mguu ukisukuma kwa nguvu, ncha inateleza, na kila inapoteleza inasagika kidogo. Tena katika vitovu vya AW vya zamani kuna mahali kati ya vitesi ya pili na ya tatu ambapo hakuna kitu kinachoshika. Hapo pedali inazunguka bure mpaka utakapochoka. Vitovu vipya vya kampuni ile vimeondolewa shimo hilo, lakini vya zamani vingali vingi.

MGUU WA MTU NA MGUU WA UMEME

Kabla ya kutafuta ubovu, jueni mashini ya umeme iko wapi katika kinga yenu, maana ugonjwa si mmoja.

Mashini ikiwa chini, kwenye pedali, nguvu yake inapita katika mnyororo pamoja na nguvu ya mguu, na vyote viwili vinaingia katika kitovu. Ni kama watu wawili wanakanyaga pedali moja. Kitovu kilichotengenezwa kwa ajili ya mtu mmoja kinachoka upesi. Tena mguu una akili: ukisikia chuma kinagoma, unalegea. Mashini haina akili hiyo. Nyingine zinaendelea kusukuma kwa nukta kidogo hata baada ya mguu kusimama. Ukibadili vitesi katika nukta hiyo, kipande kile cha chuma kinalazimishwa kuingia huku kimebanwa.

Basi desturi ya mwenye kinga ya namna hii iwe hivi: legeza mguu, hesabu moja kimoyomoyo, badili vitesi, ndipo usukume tena. Kitovu cha ndani kina faida ambayo vitesi za nje hazina: kinabadilika hata kinga ikiwa imesimama. Ukifika penye lori lililosimama au njia panda, rudisha vitesi ya kwanza hapo hapo, ili uanze mwendo kwa wepesi na bila kusimama juu ya pedali.

Mashini ikiwa katika gurudumu la mbele, kitovu cha nyuma kinabeba mguu wako tu, na kitadumu zaidi.

Mashini ikiwa katika gurudumu la nyuma, kwa kawaida kitovu hicho hakina vitesi za mguu. Mashini nyingi za namna hiyo zina meno ndani, lakini ni meno yake yenyewe, na mara nyingi ni ya nailoni. Ukisikia mashini inavuma kwa nguvu na gurudumu halipati mwendo, meno ya nailoni yamekwisha, au kile kishikio kinachozunguka upande mmoja tu kimeharibika. Kazi hiyo ni ya fundi. Kukaza waya wa vitesi hakutasaidia kitu.

MPIRA ULITOBOKA SIKU GANI?

Mtu anafika kwa fundi amekasirika: "Fundi, vitesi zimekufa. Nitafutie kitovu kingine."

Fundi mjinga anataja bei. Fundi mwenye akili anauliza: "Mzee, mpira wa nyuma ulitoboka siku gani?"

"Juzi."

"Basi vitesi hazijafa, Mzee. Lete tuangalie waya."

Fundi huyu wa pili anajua siri ya kazi. Kitovu kinaweza kwenda miaka bila kusumbua, maana hakuna anayekigusa. Siku mpira unapotoboka, gurudumu linatolewa, waya unaachishwa, nati zinafunguliwa, na kila kitu kinarudishwa kwa haraka kando ya barabara. Gurudumu likirudi nyuma zaidi au mbele zaidi kwa nusu sentimita, waya nao umekazwa au umelegea. Kwa hiyo mtu anayesema vitesi zimeharibika zenyewe, mwulizeni kwanza gurudumu lilitolewa lini.

Kabla ya kugusa kitu, zimeni umeme na mtoe batri kabisa, mwiweke mbali. Kuzima kitufe tu hakutoshi. Kinga ikiwa imepinduliwa au imeinuliwa, mtoto akizungusha pedali kwa mkono, mashini inaweza kuamka na kuzungusha mnyororo. Kidole kilichoko kati ya mnyororo na meno hakitarudi kama kilivyokuwa. Akina mama, baba akitengeneza kinga uani, waondoeni watoto wadogo; ni wepesi wa kutaka kuona magurudumu yakizunguka.

Kwa kitovu cha AW na ndugu zake: wekeni kifaa cha usukani kwenye vitesi ya pili. Upande wa kuume wa ekseli kuna nati ndefu yenye tundu kama dirisha dogo, na ndani yake unapita mnyororo mwembamba ulioungwa na kijiti cha chuma. Chunguleni katika dirisha hilo. Bega la kijiti, pale kinapoanza kuwa kinene, liwe sawasawa na mwisho wa ekseli. Likiwa ndani au nje, zungusheni kipande kinachounganisha waya na mnyororo ule mwembamba mpaka vilingane, kisha kazeni kinati chake ili kisirudi. Jambo jingine la kujua: katika kitovu hiki waya ukikatika, kinabaki katika vitesi ya tatu. Kwa hiyo kinga ikiwa nzito kwa ghafula na kukataa kurudi kwenye ya kwanza, tazameni waya kabla ya kulaumu meno.

Kwa Nexus ya vitesi tatu: wekeni pia kwenye ya pili. Mwisho wa ekseli kuna kisanduku kidogo chenye dirisha. Mstari ulio ndani uwe katikati ya alama zake. Kisanduku hicho kinasukuma kijiti chembamba ndani ya ekseli. Kijiti kikipinda au kikipata kutu, vitesi zinakuwa ngumu. Kikianguka mchangani siku ya kutengeneza mpira, hakuna vitesi kabisa, na mtu anaweza kutafuta ubovu siku nzima bila kujua kwamba umebaki kando ya barabara.

Kwa Nexus ya vitesi saba au nane: wekeni kwenye ya nne. Karibu na meno ya mnyororo kuna alama mbili za rangi, moja kwenye kipande kinachozunguka na nyingine kwenye kile kisichozunguka. Zifutwe matope, halafu zitazamwe kwa kuinama nyuma ya gurudumu. Zikiwa zimepishana, zungusheni kirekebishi cha waya kilicho kwenye usukani mpaka zisimame mstari mmoja. Pelekeni kwenye ya kwanza, rudisheni kwenye ya nne, tazameni tena, maana mara ya kwanza zinaweza kudanganya.

Baada ya hapo, jaribuni kinga uani au katika njia ndogo isiyo na magari, mkiwa mmekaa juu ya kiti. Piteni katika vitesi zote. Barabara kubwa si mahali pa kujaribia.

SAUTI NA DALILI NYINGINE

Mlio mdogo wa tik-tik-tik unawatisha wengi bila sababu. Ndani ya kitovu kuna vikucha vya chuma vyenye springi ndogo, na vinapopita juu ya meno bila kushika, vinalia. Katika AW mlio huo unasikika mkisukuma katika vitesi ya pili na ya tatu, na katika ya kwanza unanyamaza. Ndivyo inavyopaswa kuwa. Sauti mbaya ni ile ya kusaga, kama mchanga katika kinu, au mgongo mzito unaorudi kila mzunguko. Ukisikia hiyo, usiendelee.

Ukiacha kusukuma, na pedali zikaendelea kuzungushwa na gurudumu, huku mnyororo umelegea upande wa juu, gololi za kitovu zimebanwa mno. Mtu alikaza pasipo kipimo.

Pedali ikiruka katika vitesi zote, si katika moja tu, tazameni kwanza mnyororo na meno ya nje. Mnyororo uwe na mlegezo wa sentimita 1 au 2 katikati, usizidi. Meno yakiwa yamechongoka kama meno ya samaki, yamekwisha, na mnyororo mpya juu yake hautashika. Wengi wamenunua kitovu kwa sababu ya gurudumu la meno la bei ndogo.

Lakini ikiwa mnyororo ni mzima, waya ni sawa, na bado asubuhi za baridi za mwezi wa 6 na wa 7 kitovu kinateleza katika vitesi zote, kisha kinapona jua likipanda, inawezekana grisi ya ndani imezeeka na kuwa kama gundi. Vikucha vinanasa, springi zake hazina nguvu ya kuviinua. Hapo kitovu kinahitaji kufunguliwa, kuoshwa na kutiwa grisi mpya. Shimano yenyewe inashauri vitovu vyake vya Nexus vitiwe mafuta ndani kila miaka 2, au kila kilomita 5,000 kwa mwenye kutembea sana. Mfanyakazi anayekwenda kilomita 8 na kurudi 8, siku sita kwa juma, anafikia hesabu hiyo karibu kila mwaka.

Kuhusu mafuta tuseme wazi. Mafuta ya ngazi ni ya chakula. Ndani ya kitovu yanaganda na kushika uchafu. Petroli inayomiminwa ili kusafisha inaondoa grisi na kuacha chuma kitupu. AW za zamani zina kitundu chenye kifuniko: matone machache ya mafuta mepesi ya mashini, mara kwa mara, yanatosha. Nexus haina kitundu hicho na inatumia grisi, msimimine kitu. Na kitovu kisioshwe kwa maji ya nguvu ya mpira wa kuoshea magari, wala kinga isilazwe mtoni. Maji yakiingia hayatoki, na kutu inaanza pale pasipoonekana.

RONDELI NDOGO NA MKONO WA BREKI

Hapa tunaomba msikilize zaidi kuliko pote.

Ekseli ya kitovu cha vitesi si kama ekseli ya kinga ya kawaida. Nguvu inayozungusha meno inataka pia kuzungusha ekseli yenyewe. Kwa hiyo kila upande kuna rondeli yenye ulimi unaoingia katika mwanya wa chuma cha kinga, ili kuizuia. Rondeli hizi zina upande wake, na mara nyingi ya kuume si sawa na ya kushoto. Siku ya mpira kutoboka zinachanganywa, au moja inapotea na inawekwa rondeli ya kawaida. Kinga inakwenda kwa siku mbili, kisha ekseli inazunguka kidogo, waya unavutwa, na vitesi zinaanza kuteleza tena hata mlizirekebisha vema. Ukirekebisha waya leo na kesho umeharibika tena, usirekebishe mara ya tatu: tafuta rondeli. Nati za ekseli, ambazo kwa Nexus zinakazwa kwa funguo ya 15, zikazwe kwa nguvu ya mkono wote. Shimano inaweka kipimo cha Nm 30 hadi 45, na fundi mwenye funguo ya kipimo aitumie.

Vitovu vingine vina breki ndani, ile ya kukanyaga nyuma, au breki ya pembeni ya namna ya roli. Vyote viwili vina mkono wa chuma unaofungwa kwenye kinga kwa kishikio na bulo. Mkono huo ndio unaozuia breki isizunguke pamoja na gurudumu. Tukiona kinga ambayo mkono wake umefungwa kwa kamba au kipande cha waya, tunasema bila woga: kinga hiyo haina breki. Siku moja mtu atakanyaga kwa nguvu, kamba itakatika, mkono utazunguka na kugonga chuma, na gurudumu linaweza kujifunga palepale. Bulo hilo ni la franka chache.

Msitie grisi ya kawaida katika breki ya roli. Inataka grisi yake yenyewe inayovumilia moto.

MZIGO

Watu wanaoleta makala mjini kwa barabara ya Kasenga wanatumia kinga nzito zisizo na vitesi, na kwenye vilima wanazisukuma kwa mikono. Wana sababu; tusiwacheke. Kinga yenye vitesi za kitovu haikutengenezwa kwa magunia. Wengine wanaweka nyuma gurudumu kubwa la meno ili kilima kiwe chepesi. Mguu unapumzika, ni kweli, lakini nguvu inayoingia katika kitovu inaongezeka, na mashini ya umeme inaiongeza tena. Sayari zile ndogo ndizo zinazolipa. Mfuko mmoja wa unga wa mahindi wa nyumbani, sawa. Gunia la makala pamoja na mtoto nyuma, hapana.

KUFUNGUA AU KUTOFUNGUA

Tumeona kwamba kazi nyingi iko nje: waya, mnyororo, rondeli, nati, mkono wa breki. Hayo yote yakiwa sawa na bado inateleza, au inasaga, basi kufungua ni lazima. Kitovu cha vitesi tatu kinaweza kufunguliwa na fundi mwenye subira, juu ya kitambaa cheupe, huku akipanga vipande kwa utaratibu alivyovitoa. Springi za vikucha ni nyembamba kama unywele na zinaruka. Kitovu cha vitesi saba au nane ni jambo jingine. Mara nyingi mafundi hubadili sehemu yote ya ndani kwa mara moja na kuacha gurudumu na nje yake, na gharama inakuwa ndogo kuliko kununua gurudumu zima. Fundi akisema atakifungua Nexus 8 kando ya barabara, mchangani, kwa nyundo, mchukueni kinga yenu mwende.

Wakati mnangoja, ikiwa lazima kinga itembee, kaeni juu ya kiti, msisimame juu ya pedali hata kwenye kilima. Chagueni vitesi moja inayoshika, mbaki nayo. Punguzeni msaada wa mashini hadi kiasi cha chini kabisa, au muuzime. Kilimani shukeni, mtembee kwa miguu. Mtu akichelewa posti dakika kumi, kapita atasema maneno; maneno hayavunji mfupa.

NENO JUU YA BATRI

Watu wa Ruashi wana haki ya kutazama batri ya kinga kwa jicho la pekee. Batri nyingi za kinga za umeme zina kobalti ndani yake, na zaidi ya nusu ya kobalti inayochimbwa ulimwenguni inatoka katika inchi yetu, nyingine katika ardhi hii tunayoikanyaga kila siku. Inakwenda mbali, inasafishwa, inarudi imefungwa katika sanduku. Mwaka 2022 kituo cha elimu ya batri kilianzishwa katika Chuo Kikuu cha Lubumbashi, na vijana wetu wanaopenda masomo ya kemia wajue kwamba njia iko.

Lakini kuijua kobalti katika jiwe si kuijua batri. Msiifungue hata ikiwa imekufa. Jazeni kwa chombo chake, mchana, mtu akiwa macho, mbali na kitanda na mbali na mlango wa kutokea. Umeme ukianza kucheza, kupanda na kushuka, chomoeni, mngoje utulie. Batri iliyovimba, iliyoanguka vibaya, au yenye harufu ya ajabu, itoeni nje ya nyumba, mbali na watoto, na msiijaze tena. Iliyolowa mvua ikaushwe kwa kitambaa kabla ya kuunganishwa.

Kwa wale watakaoanza kesho: wekeni katika mfuko wa kinga funguo ya 15, kitambaa, na karatasi ndogo yenye jina la kitovu, namba iliyochorwa juu yake, na vitesi ya kurekebishia, ya pili au ya nne. Na siku mpira utakapotoboka, kabla ya kulegeza nati ya kwanza, chukueni picha kwa simu ya pande zote mbili za ekseli, muone rondeli zimekaa vipi. Wasio na simu yenye picha wachore kwa kalamu juu ya karatasi ile ile.